Visanduku vya njano, vya bluu na vya kijani: nilivyojifunza kufundisha usanifu wa taasisi kwa vikundi

Kikundi cha tano ndicho kilichonifungua macho, ingawa siku ile nilitoka darasani nimekasirika.

Walikuwa saba. Mchoro wao ulijaza ukuta mzima: juu visanduku vya njano, katikati vya bluu, chini vya kijani, vyote vimenyooka kama vimepigiwa rula. Njano ni shughuli za taasisi na watu wanaozifanya, bluu ni programu za kompyuta, kijani ni seva na mitandao inayobeba programu hizo. ArchiMate, lugha ya alama tunayoitumia kuchora michoro hii, haimlazimishi mtu kutumia rangi hizo, ni mazoea tu, lakini wanafunzi huzishika kama amri. Niliwapongeza kwa unadhifu. Kisha nikainuka, nikaweka kidole kwenye mstari mmoja ulioanzia kisanduku cha njano kilichoandikwa "Kusajili mwanafunzi" na kushuka hadi cha bluu kilichoandikwa "Mfumo wa wateja".

"Huyu mteja ni nani?"

Wakatazamana. Wa njano akamgeukia wa bluu. Wa bluu akasema yeye alipewa programu tu, na neno "mteja" alilikuta kwenye mfano alioupata mtandaoni. Wa kijani akasema kwake yupo "mtumiaji", na hifadhidata yake haina jedwali la wanafunzi wala la wateja.

"Na mstari huu kauchora nani?"

Kimya. Mwishowe kiongozi wao akasema kwa sauti ya chini, "Nimeuchora mimi, Mwalimu. Jana usiku, nikiunganisha kazi zao. Niliona pakibaki wazi utasema hatujamaliza."

Niliwapa alama za chini, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Matabaka hayazungumzi." Nikaona wajibu wangu umekwisha. Ilinichukua mihula miwili kukubali kwamba ule mstari wa usiku ndio uliokuwa somo lenyewe, na kwamba aliyewafundisha kuuchora vile ni mimi.

Nieleze kidogo kwa asiyeijua fani hii. Usanifu wa taasisi ni kazi ya kuonyesha jinsi malengo ya taasisi, shughuli zake, taarifa zake, programu zake na mitambo yake vinavyoshikana, ili anayetaka kubadili kimoja ajue atagusa nini kingine. Msanifu wa majengo anajua ukibomoa ukuta gani dari litashuka. Huyu wa taasisi anatakiwa ajue ukizima mfumo gani malipo ya nani yatakwama. Fani si ya jana. John Zachman alichapisha makala yake kwenye jarida la IBM mwaka 1987, akafafanua safu tatu za maswali: nini, vipi, wapi. Safu nyingine tatu, yaani nani, lini na kwa nini, zilikuja kufafanuliwa mwaka 1992 katika makala aliyoandika pamoja na John Sowa. Huwa natabasamu nikifika hapo, maana wanafunzi wangu nao hufuata mpangilio huohuo: "nini" na "wapi" huja siku ya kwanza, "kwa nini" huja ikiombwa kwa nguvu. Halafu kuna TOGAF, njia ya kuandaa usanifu huo hatua kwa hatua, iliyotoka mwaka 1995 ikijengwa juu ya kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, yenye mzunguko wa hatua zilizopewa herufi A hadi H.

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha hayo kwa kusimama mbele na kusema. Wanafunzi walikariri herufi zote nane, wakaziandika kwenye mtihani bila kukosea, na mimi nikasahihisha nikiwa na furaha. Aliyeongoza darasa alinikuta kwenye korido siku chache baadaye, mkononi ana fomu tatu za ofisi tatu za chuo hichohicho, zote zikimwuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya usajili. "Mwalimu," akasema, "hivi huu nao ni usanifu?" Alikuwa anatania nusu. Mimi nilirudi ofisini nikakaa bila kuwasha taa. Mtu amepata alama za juu kuliko wote kwenye somo la jinsi mambo yanavyoshikana, na hajui kwamba fomu tatu zilizo mkononi mwake ndilo somo.

Ndipo nikaingiza kazi za vikundi. Kidole kimoja hakivunji chawa, nikajiambia. Sikufikiria kwamba vidole saba navyo vinaweza kubaki mfukoni.

Niliunda vikundi vya watu saba kwa sababu darasa lilikuwa kubwa na nilitaka ripoti chache za kusahihisha. Huo ndio ukweli, ingawa kwenye maelezo ya kozi niliandika maneno mazuri kuhusu ushirikiano. Watu saba wana jozi 21 za kuzungumza. Watu wanne wana jozi sita. Sikupiga hesabu hiyo mapema. Wanafunzi waliipiga wao bila kalamu: waliona kuongea wote ni kazi, wakagawana. Na mchoro wa matabaka ulivyo, unakuomba uugawe. Wewe njano, wewe bluu, wewe kijani, wewe andika utangulizi, wewe tengeneza slaidi, tukutane Alhamisi kwenye grupu la WhatsApp. Kila mtu akaenda zake.

Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika makala fupi ambayo hoja yake hurudiwa hadi leo: wanaobuni mfumo huishia kutoa mfumo unaofanana na njia zao za kuwasiliana. Idara mbili zisizosemezana zitajenga programu mbili zisizosemezana. Mimi hoja hii nilikuwa nikiifundisha wiki ya tatu, kama kichekesho cha kuamsha waliosinzia. Wiki ya kumi na mbili naletewa michoro ambayo ni picha halisi ya hoja hiyo, nakasirika, naandika kwa wino mwekundu. Vikundi havikuwa vimeshindwa kuchora taasisi. Vilijichora vyenyewe, kwa usahihi mkubwa.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Nilidhani tatizo ni kutegea, kwa hiyo nikatunga sheria: kila kikundi kiwe na mwenyekiti na katibu, kila kikao kiwe na muhtasari wenye saini, kila mwanachama ajaze fomu ya mchango wake. Nilichopata ni mihtasari mizuri ajabu. Mmoja ulisema kikao kilianza saa mbili kamili usiku kikafungwa saa nne na robo, ajenda sita, mahudhurio kamili. Na miongoni mwa waliosaini alikuwemo kijana ambaye jioni hiyohiyo nilimwona uwanjani akicheza mpira mpaka giza likamfukuza, kisha akabaki na wenzake kushangilia mechi ya pili chini ya taa. Kupeana alama wao kwa wao nako kuligeuka kuwa mkataba: wote walipeana kumi. Kikundi kimoja tu hakikufanya hivyo, na hicho kilikuwa na ugomvi wa mapenzi ndani yake. Fomu hizo nilizifuta na sijazirudisha.

Kilichonisaidia ni kamba. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta, mmoja mmoja na kwa makundi, matokeo yakachapishwa mwaka 1913: kundi huvuta pungufu ya jumla ya nguvu za mmojammoja. Watu wengi huishia hapo na kusema, mnaona, watu hutegeana. Lakini upungufu huo una vyanzo viwili. Kimoja ni kweli kutegea. Kingine ni kwamba hawavuti kwa mpigo mmoja, wala kwa upande uleule. Kila mtu anatoka jasho na kamba haisogei. Mwaka 1974 watafiti walivitenganisha: walimfunga mtu macho wakamfanya aamini wenzake wako nyuma yake wanavuta, kumbe yuko peke yake. Hapo hakuna wa kupishana naye mpigo, na bado alipunguza nguvu. Kwa hiyo kutegea kupo. Lakini hakukuchukua upungufu wote.

Nilirudi kwenye ripoti za zamani nikiwa na swali hilo, na nikaona nilivyowaonea wengi. Msichana wa kijani kwenye kile kikundi cha tano alikuwa ameandika kurasa kumi na moja juu ya seva, nakala za akiba na njia za umeme. Hakutegea hata kidogo. Alivuta peke yake, kuelekea upande wake.

Basi nikaacha kugawa kwa matabaka, nikaanza kugawa kwa nyuzi. Vikundi vikawa vya watu wanne. Taasisi ya kuchunguza ikawa chuo chenyewe tunachosomea, kwa kuwa mifano ya kampuni za kubuni ina ugonjwa mmoja: ukikwama, unatunga. Kila mwanafunzi alichukua ombi moja la mtu halisi na kulifuata kutoka juu hadi chini. Huyu afuate mtu anayeomba nakala ya matokeo: anaanzia dirisha gani, nani anaipokea, anafungua programu ipi, programu inasoma taarifa zipi, zimekaa kwenye mashine gani, na mashine ikizimika nani anapigiwa simu. Mwingine afuate anayelipa ada. Wa tatu anayeazima kitabu. Wa nne anayehama kozi. Kila mmoja ana njano, bluu na kijani vyake. Halafu wakae mezani waviweke vinne juu ya karatasi moja kubwa.

Hapo ndipo moto ulipowaka, na sikuwa nimeutarajia uwake kwa neno "mwanafunzi".

Nilikuwa nimepita mezani mwa kikundi kimoja nikidhani wako mbali. Kumbe dakika arobaini zimekwisha na wameweka kisanduku kimoja tu. Aliyefuata uzi wa matokeo alisema mwanafunzi ni yeyote aliyepewa namba ya usajili. Aliyefuata ada akasema hapana, kule uhasibu mtu haonekani kwenye orodha hadi malipo ya kwanza yaingie; kabla ya hapo ni mwombaji tu, hata kama ana namba na amelala bwenini. Wa maktaba akasema kwao mwanafunzi ni kadi. Kadi ikiisha muda, mtu ametoweka, hata kama yuko mbele yako na kitabu mkononi. Wa nne alikuwa kimya muda mrefu, akauliza, "Na aliyeahirisha masomo je?" Wote watatu wakajibu kwa pamoja, majibu matatu.

"Mwalimu," mmoja akanigeukia, uso umemvimba, "tunapoteza saa nzima kwa neno moja."

Nikamwambia aendelee kuipoteza. Nikavuta kiti nikakaa, jambo ambalo naona aibu kusema kwamba sikuwa nimezoea kulifanya. Mabishano yao yalichukua saa mbili. Mwishowe waliandika karatasi ya ukurasa mmoja: mwombaji, aliyepokelewa, aliyesajiliwa, aliyeahirisha, aliyehitimu, kila neno na ofisi inayolitumia, kila neno na kinachomfanya mtu atoke hali moja aingie nyingine. Karatasi ile ilikuwa na mistari mitano na michirizi ya kalamu iliyokwisha wino. Naiona kuwa kazi bora kuliko michoro yote niliyopokea kabla yake. Na sababu ya fomu tatu za yule kijana wa korido ilikuwa pale wazi: ofisi tatu zilikuwa zinaandikisha watu watatu tofauti wenye jina moja.

Tangu hapo nimezuia programu za kuchorea kwa wiki tatu za mwanzo. Karatasi na kalamu ya kuandikia ubaoni, basi. Si kwamba programu ni ghali. Archi, tunayoitumia baadaye, ni ya bure na kila mtu anaweza kuipakua. Shida ni kwamba inamwezesha mtu kuburuta visanduku sitini kabla hajawaza kimoja. Tena wanafunzi ni wajanja. Programu hukataa mstari usioruhusiwa kati ya vitu viwili: huwezi kuunganisha chochote na chochote kwa uhusiano wowote. Isipokuwa mmoja. Uhusiano wa jumla, ule unaosema tu "hivi viwili vinahusiana", unaruhusiwa kila mahali. Basi mtu akikwama, hajui kama programu inaihudumia shughuli au inaanzishwa nayo, anaweka huo, mstari unakubali, maisha yanaendelea. Siku hizi nikipokea mchoro nahesabu kwanza mistari ya aina hiyo. Ni kama kuhesabu "n.k." kwenye insha: kila mmoja ni mahali ambapo mtu alichoka kufikiri.

Baada ya karatasi, nawatuma maofisini. Hapa nina hadithi mbili za ofisi ileile, moja naipenda, nyingine bado inaniuma.

Ninayoipenda ni hii. Kikundi kimoja kilikuwa kimechora kuhama kozi: fomu, mfumo mkuu wa usajili, hifadhidata, seva. Safi. Wakaenda kuhakikisha kwa mama mmoja anayeshughulikia maombi hayo. Wakamsalimu, wakamwonyesha mchoro. Akautazama kwa adabu, akasema ni mzuri. Kisha mtu akaingia na ombi la kuhama, na yule mama, bila kuugusa mfumo mkuu, akafungua faili la Excel kwenye kompyuta yake. Lilikuwa na safu nyingi na rangi zake mwenyewe: pinki kwa waliokubaliwa na idara wanakotoka, zambarau kwa wanaosubiri kule wanakoenda. Jina la faili liliishia na "mpya_mwisho_2". Wanafunzi wakauliza, "Mama, na ule mfumo?" Akasema mfumo haujui kusubiri. Una ndiyo na hapana. Yeye kazi yake nzima iko katikati. Kila Ijumaa anahamisha yaliyokamilika kwa mkono.

Walirudi wamechanganyikiwa. Je, faili lile lichorwe? Si mfumo, halina seva, halijulikani na idara ya kompyuta. Mmoja akasema ni aibu kuliweka. Mwenzake akamjibu: "Likifutika leo, nani atahama kozi?" Wakalichora, bluu kama programu nyingine yoyote, na chini yake kijani: kompyuta moja ya mezani, haina nakala ya akiba. Ukiitazama karatasi ile, macho yalikwenda hapo moja kwa moja.

Sasa inayoniuma. Muhula uliofuata kikundi kingine kilifika kwa mama huyohuyo, kikaona faili lilelile, na kwenye ripoti kikaandika kwamba mtumishi "anakwepa mfumo rasmi" na nafasi yake iangaliwe upya. Nilikuwa na ripoti kumi na mbili mezani. Nilikuwa nimeahidi kuwapelekea wakuu wa ofisi nakala, kama shukrani. Nikazipeleka kabla sijazisoma zote. Yule mama aliitwa kujieleza. Alikuwa amewafungulia vijana wangu kompyuta yake kwa moyo mweupe, akawaeleza rangi zake moja moja, na mimi nikamlipa hivyo. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, lakini kikundi kilichofuata hakukifungulia faili. Aliwaonyesha mfumo mkuu, akasema kila kitu kinafanyika humo.

Kwa hiyo sasa hakuna ripoti inayotoka kabla aliyehojiwa hajaisoma yeye mwenyewe na kusema, ndiyo, hivi ndivyo nilivyosema. Na neno "anakwepa" limepigwa marufuku. Mwanafunzi aandike mfumo umeshindwa kufanya nini kilichomlazimu mtu kutafuta njia nyingine. Mwanzoni niliona ni suala la adabu tu. Baadaye niligundua sentensi ya pili ndiyo yenye taarifa. Ya kwanza ina lawama tu, na lawama haichoreki.

Wiki ya nane nafanya kitu ambacho wanafunzi wanakichukia na wahitimu hunikumbusha wakinipigia simu. Naingia darasani bila taarifa na kuhamisha mtu mmoja kutoka kila kikundi kwenda kingine. Anayehama haruhusiwi kubeba chochote. Anayepokelewa anapewa saa nzima na mchoro wa kikundi kipya, na wenyeji hawaruhusiwi kufungua mdomo. Baada ya saa hiyo anawaeleza wao taasisi yao.

Mara ya kwanza nilikuwa na hakika nani atashinda. Kikundi kimoja kilikuwa na mchoro uliokaribia kuwa sanaa, visanduku zaidi ya sitini, hakuna mistari iliyokatana. Mgeni wao aliutazama saa nzima. Kisha akasema anaona kuna mifumo miwili ya malipo lakini hajui kwa nini ni miwili, anaona mshale umetoka maktaba kwenda uhasibu lakini hajui unabeba nini, na anadhani kuna kosa mahali fulani ila hawezi kusema ni la mchoro au la chuo. Wenyeji walikuwa wanauma midomo. Kila jibu walikuwa nalo vichwani.

Kikundi kilichofanya vizuri kilikuwa na mchoro mbaya. Nasema mbaya kwa upendo. Lakini pembeni walikuwa wamebandika vikaratasi: "Hapa tuliweka mifumo miwili kwa sababu wa zamani bado unashikilia madeni ya miaka iliyopita." "Hatukuunganisha maktaba na uhasibu. Maktaba wanasema faini inalipwa kwao, uhasibu wanasema kwao. Hatujui." Mgeni alisoma vikaratasi kabla hajatazama visanduku. Baada ya saa moja alikuwa anawauliza maswali ambayo wao wenyewe hawakuwa wameyafikia.

Viwango vya kimataifa vinalisema jambo hili kwa lugha kavu: ISO 42010 inatenganisha usanifu wenyewe na maelezo yake, na inataka kila mtazamo uwe unajibu hoja za wadau fulani. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi bila kunigusa. Sasa kila mchoro unaoletwa kwangu lazima uwe na mstari juu: nani aliuliza, na aliuliza nini. Mchoro usio na mwenye swali naurudisha bila kuusoma. Utaratibu huo umenipunguzia kazi ya kusahihisha kuliko vikundi vya watu saba vilivyowahi kunipunguzia.

Alama? Nusu ni za kikundi, nusu ni za mtu binafsi, na za mtu binafsi nazitoa kwa mdomo, nikimwuliza kila mmoja juu ya uzi wa mwenzake, kamwe si wake. Wategaji bado wapo. Kuna mmoja kila mwaka anayejua kuongea vizuri kiasi kwamba dakika kumi hazitoshi kumfichua, na kuna mwingine anayebeba kikundi kizima mgongoni na hataki kusema. Hao wawili sijawapatia dawa.

Muhula uliopita kikundi kimoja kilinijia siku moja kabla ya kuwasilisha, wakiwa na lilelile tatizo la faini za maktaba. Walikuwa wamezungukia ofisi zote mbili mara tatu, na kila moja ilishikilia kwamba malipo ni yake na taarifa anazo mwenzake. "Mwalimu, tuchore mshale uelekee wapi?" Nilikumbuka kiongozi wa kikundi cha tano na mstari wake wa usiku. Nikawaambia wauache kama walivyoukuta. Wakachora visanduku viwili, katikati alama kubwa ya kuuliza, nyekundu.

Kesho yake ukumbini walikuwepo maofisa wa pande zote mbili, tumewaalika. Mwanafunzi alipofika kwenye alama ile alisema sentensi moja tu: "Hapa hatukupata jibu." Ofisa wa maktaba akanyoosha mkono kueleza. Kabla hajamaliza, wa uhasibu akamkatiza, akasema hilo lilishabadilishwa. Lini? Kwa barua ipi? Barua gani, sisi hatukuletewa barua. Mmoja akaamka akaenda mbele, akaomba kalamu, akaanza kuchora mshale wake juu ya mchoro wa watoto, mwingine akamfuata. Mwanafunzi aliyekuwa anawasilisha alinitazama, nikamwashiria akae. Akarudi kwenye kiti chake taratibu, akafungua daftari, akaanza kuandika wanayosema.